Senti Themanini na Sita

Tramu ya kumi na nne imenishusha Plagwitz
pamoja na mvua isiyo na haraka.
Bwana Tietze yuko chini karakanani, anagonga sauti moja ya piano
mara thelathini, kama anayemwita mtu aliyelala.
Mimi niko ghorofani na jedwali langu,
na maneno elfu mbili mia tatu ya jana
yaliyoandikwa na watu nisiowajua
wakitafuta kitu ambacho labda tunacho.

Kazi yangu ni ungo.
Napepeta: mchele huku, chuya kule.
Wanaotaka kununua, kundi lao.
Wanaokodi kwa harusi, kundi lao,
na tangazo lenye "harusi" mstari wa kwanza,
maana mtu hubofya pale anapojiona.
Wanaohamisha piano kutoka ghorofa ya nne bila lifti,
hao nimewatenga peke yao, kwa dau la juu.
Maskini, wana haraka.

Kabla yangu yote yalikuwa kapu moja.
Aliyetaka nyuzi alioneshwa viti,
aliyetaka kiti alioneshwa bei ya elfu kumi na nane
akatimua mbio, na kila aliyetimua alituachia deni,
kwani katika mnada huu hulipi kwa kuuza,
unalipa kwa kuguswa.

Tatizo ni lugha yetu.
Piano kubwa, ile ya miguu mitatu, tunaiita Flügel,
na Flügel ni bawa.
Bawa la malaika, la dirisha, la hospitali,
la kuku aliyekaangwa kwa asali.
Mwezi Machi tuliwalipia walaji kuku euro mia na kumi na mbili.
Bwana Tietze aliuliza kama angalau walishiba.

Ndipo nikaanza orodha ya kuzuia:
kuku, malaika, dirisha, asali, tanuri, chale.
Na "bure", kwa shingo upande;
piano ya mama yangu ilikuja bure,
kutoka kwa jirani aliyevuka magharibi na hakurudi.

Halafu Jumanne, saa kumi na moja na dakika nane alfajiri:
*bawa limevunjika nani anaweza kusaidia leo*
Mbofyo mmoja. Senti themanini na sita.
Nikaliweka kundi la ukarabati. Ningeliweka wapi?

Saa tatu, kengele ya mlango.
Kijana wa zamu ya usiku, unga wa kiwanda cha mikate viatuni,
ameshika boksi la viatu kama aliyebeba supu.
Ndani, mbayuwayu.
"Mmeandika mnatengeneza kila bawa," alisema,
"hata kuukuu."
Kweli, niliandika mimi.
Tangazo lina nafasi ya herufi thelathini; sikupata pa kufafanua.

Bwana Tietze hakucheka.
Alifuta mikono, akakata kitambaa kizito cha sufu,
kile cha nyundo za piano,
akamfunga ndege mwili mzima, taratibu,
kama anayejua, na nadhani hakujua,
kisha akampigia simu mwanamke wa Connewitz anayepokea ndege.

Sasa ni jioni. Jedwali liko wazi,
kishale kinapepesa kwenye orodha ya kuzuia.
Kanuni naijua: linalogharimu na haliuzi, litoke.
Nimeandika *ndege*. Nimeandika *mbayuwayu*.
*Limevunjika* siwezi, piano nazo huvunjika.
Na *nani anaweza kusaidia*
nimelihamisha mara nne, kundi hadi kundi,
likarudi lilikotoka.

Nikauliza kutoka ngazini:
zile senti themanini na sita, niziandike wapi?
Akagonga sauti ile ile, akasikiliza,
akakaza uzi kwa upana wa unywele.
"Hakuna neno," akasema.

Kesho naanza na viti.